Datsun 240Z: Rimu za Inchi 15, 16 au 17?

Mwenye Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan, akishamaliza injini na rangi, swali linalofuata huwa ni rimu. Zile za chuma zilizotoka nazo kiwandani ni za inchi 14 na upana wake ni inchi 4.5 tu, na zilivaa tairi jembamba la 175. Chini ya bodi yenye pua ndefu kama ile, magurudumu hayo yanaonekana madogo. Dukani utaambiwa upande inchi 17 moja kwa moja kwa sababu ndizo zinazojaza nafasi na kung'aa. Mtandaoni utaona picha za gari limelala chini, tairi ukuta mfupi kama kipande cha mpira kilichopakwa kwenye rimu, na utatamani.

Nalipenda gari hili kupita kiasi, na ndiyo sababu nataka uchague kwa kipimo kabla ya kuchagua kwa macho. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa barabara zetu, inchi 15 ndiyo inayolifaa, inchi 16 ni sawa kwa anayekaa kwenye lami nzuri, inchi 17 ni mradi wa kujenga upya shokapu na springi, na asiyekuwa tayari kwa mradi huo asinunue rimu zake.

Kwanza tukumbuke gari lenyewe. 240Z ilitoka mwishoni mwa 1969, ina injini ya silinda sita mstari mmoja ya lita 2.4, uzito wake unazidi tani moja kidogo, na kila gurudumu lina shokapu na springi yake, mbele na nyuma. Afrika Mashariki inaijua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za magari za East African Safari, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Kampala, akashinda yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Datsun nyingine ya Harry Källström. Ukitazama picha za magari yale yakiruka kwenye vumbi na tope, angalia tairi: ukuta mrefu, rimu ndogo. Hata leo, kwenye mbio za magari ya zamani za East African Safari Classic zilizoanza 2003, Datsun za Z zinazokimbia bado zinavaa hivyo. Mpira ule mrefu ni sehemu ya shokapu. Waliolichora gari waliutegemea, na kila inchi unayoongeza kwenye rimu unaipunguza kwenye mpira.

Kipimo kinachotangulia vyote: kimo cha tairi

Tairi na rimu vikiwa pamoja vina kimo, yaani kutoka ardhini hadi juu kabisa. Kimo hicho kikibadilika sana, spidomita inadanganya, gia zinabadilika uzito, na tairi linaanza kutafuta vitu vya kusugua. Hesabu yake ni rahisi. Chukua tairi la 195/65R15, yaani upana wa milimita 195, ukuta wenye asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15: zidisha 195 kwa 0.65, unapata ukuta wa milimita 126.75. Ukuta uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, kisha jumlisha rimu, inchi 15 mara 25.4. Jumla ni milimita 634.5. Tairi la kiwandani, ukilichukulia kama 175/80R14, lina kimo cha karibu 636. Yaani karibu sawasawa.

| Rimu | Tairi | Ukuta (mm) | Kimo (mm) |
|---|---|---|---|
| 14 × 4.5 (kiwandani) | 175/80R14 | 140 | 636 |
| 14 × 5.5 au 6 | 195/70R14 | 137 | 629 |
| 15 × 7 | 195/65R15 | 127 | 635 |
| 15 × 7 | 205/60R15 | 123 | 627 |
| 16 × 7 | 205/55R16 | 113 | 632 |
| 16 × 7 | 225/50R16 | 113 | 631 |
| 17 × 7.5 | 225/45R17 | 101 | 634 |

Tazama safu ya mwisho. Chaguo zote zinarudi karibu pale pale, hakuna inayopotea hata kwa asilimia 2. Kwa spidomita, basi, hakuna ugomvi. Tofauti yote iko kwenye ukuta: kutoka milimita 140 hadi 101. Karibu sentimita nne za mpira zimeondoka kati ya rimu na shimo la barabarani.

Angalizo: wapo wanaofunga 225/50R15 kwa sababu ni pana na fupi, kimo chake 606. Linakaa vizuri chini ya bodi iliyoshushwa, lakini gari linapoteza karibu sentimita moja na nusu ya kimo cha chini, na sindano ikisoma 100 unakwenda kama 95. Kwa mwenye kukimbia kwenye saketi ya lami, sawa. Kwa mwenye kuvuka matuta ya mtaani, hapana.

Kubaki na inchi 14

Sitakaa sana hapa, lakini chaguo hili lipo na linaheshimika. Mdogo wake, 280Z, alitoka kiwandani na 195/70R14, kwa hiyo rimu ya 14 yenye upana wa inchi 5.5 au 6 ni jambo ambalo Nissan wenyewe walilifanya. Linampa gari sura ya enzi yake na ulaini wote. Shida ni tairi. Inchi 14 zilizobaki nyingi madukani ni za magari madogo, kimo kifupi, au ni zile zenye herufi C mwishoni za kubebea mizigo kwenye Hiace na pikapu. Usifunge hizo za C kwenye 240Z hata kama fundi wa tairi atakuapia kwamba ni imara. Ni imara kwa mzigo wa vani. Kwa gari la tani moja ni ngumu kama mti, na hazikutengenezwa kwa mwendo wala kona za gari hili.

Nafasi iliyopo ndani, ambayo wauzaji hawaizungumzii

Watu wengi wanapopima kama rimu itaingia, wanatazama nje: je, tairi litagusa ukingo wa madigadi? Kwenye 240Z adui mkubwa yuko ndani. Springi ya kiwandani ni pana, na inakaa juu ya sahani ya chuma iliyochomelewa kwenye mguu wa shokapu. Nyuma, sahani hiyo iko jirani kabisa na bega la juu la tairi. Tairi likiwa jembamba linapita pembeni yake bila shida. Likiwa pana na refu kwa pamoja, linaikata sahani, au sahani inalikata lenyewe, na huwezi kuona mpaka ulivue.

Hapa ndipo ofseti inapoingia. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani sehemu ya gari ambako gurudumu hufungwa. Ikiwa na alama ya kujumlisha, rimu inaingia ndani zaidi. Ikiwa sifuri, imegawanyika sawa. Ikiwa ya kutoa, inatoka nje. Rimu ya kiwandani ina ofseti ya karibu milimita +12. Ukifunga 15 × 7 yenye ofseti 0, upande wa ndani unaongezeka karibu milimita 20 na upande wa nje karibu 44. Hiyo imekuwa hesabu ya kawaida ya wenye Z kwa miaka mingi, na inaingia bila kukata kitu, gari likiwa kwenye springi zake na kimo chake cha asili.

Rimu nyingi zinazozagaa mitaani kwetu ni za magari ya gurudumu la mbele, na ofseti zake ni +38, +45, hata zaidi. Zikifungwa kwenye Z zinaingia ndani hadi zinagusa mguu wa shokapu. Dawa inayopendekezwa haraka ni spesa, kipande cha kujaza nafasi kati ya habu na rimu. Spesa nzuri, yenye stadi zake (bolti zinazoshika nati) na kiti chake cha katikati, inaweza kufanya kazi. Kile kisahani chembamba kinachochomekwa kati ya habu na rimu huku stadi za zamani zikibaki na uzi wa kushika nati mizunguko michache, kinahatarisha maisha yako. Afadhali usubiri rimu yenye ofseti sahihi.

Kuna mtego mwingine unaostahili kutajwa kwa jina. 240Z ina stadi nne zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Nissan Tiida nayo ina stadi nne kwa kipimo hicho hicho, na rimu zake hazikosekani. Mtu anaona namba zimefanana, anafurahi. Lakini tundu la katikati la rimu ya Tiida ni milimita 66, na kitovu cha habu ya Z kinahitaji karibu 73. Haipandi. Na wazo la kulichonga tundu usilianze, maana hata likipanuliwa, ofseti yake bado inakupeleka kwenye shokapu.

Inchi 15: chaguo langu

Rimu ya 15 × 7 yenye ofseti 0, na tairi la 195/65R15 au 205/60R15.

Hili la kwanza lina sababu ambayo Mjapani wa 1969 asingeweza kuijua. 195/65R15 ndilo tairi la Premio, Allion, Wish na magari mengine yasiyohesabika yanayotembea Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza na Kampala. Likipasuka Singida saa mbili usiku, utalipata. Utachagua kati ya chapa nyingi, jipya na la tarehe ya karibuni, bila kuagiza. Na kama tulivyoona, kimo chake kinalingana na la kiwandani karibu kwa milimita. Ni bahati ambayo sioni sababu ya kuiacha.

Lakini upana wa 195 kwenye rimu ya inchi 7 ndio mwisho wa kipimo kinachoruhusiwa kwa tairi hilo. Ukuta wake utavutwa kidogo. Kama unaweza kupata rimu ya inchi 6 au 6.5, itakaa vizuri zaidi. Kwenye inchi 7, 205/60R15 linakaa kwa raha, linashika kona vizuri zaidi, na linabaki na ukuta wa milimita 123. Madukani si la kawaida kama lile la Premio, lakini linapatikana.

Kwa mwendo, 205 linatosha kabisa. Injini ile ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 151 kwa vipimo vya zamani vilivyokuwa vya ukarimu. Haihitaji mpira mpana kuliko huo kuishika barabara. Tena raha ya 240Z ni kuhisi matairi yakianza kuteleza taratibu, yakikupa taarifa mapema kupitia usukani. Tairi refu lenye upana wa kiasi linaachia polepole. Pana na fupi linashika, linashika, kisha linaachia ghafla, na mwenye gari lisilo na msaada wowote wa kompyuta anajikuta anatazama alikotoka.

Inchi 16: kwa lami nzuri

Hapa ushindani ni wa kweli. 205/55R16 nalo ni tairi la kila duka, limevaliwa na Golf, Impreza na Axela. Kwenye rimu ya 16 × 7 ofseti 0, upana wake ni uleule wa 205/60R15, kwa hiyo nafasi ya ndani haina tofauti ya maana. Unachopoteza ni sentimita moja ya ukuta. Unachopata ni usukani unaoitika haraka zaidi, nafasi ya breki kubwa, na sura ambayo nakiri inapendeza macho: rimu zenye vijiti vinane za muundo wa Watanabe, au za Panasport, zinajaa vizuri chini ya bodi ile.

Kwa ndugu zetu walioko Muscat au Dubai, ambako lami ni laini na safari ni ndefu, ningesema chukua 16 bila kusita. Kwa anayeishi Masaki au Westlands na gari linatoka Jumapili asubuhi, pia. Kwa ambaye nyumbani kwake kunafikiwa kwa kilomita mbili za kokoto, sentimita ile moja ataikumbuka.

225/50R16 ni hadithi nyingine. Lina kimo kilekile lakini ni pana zaidi kwa milimita 20, kumi ndani na kumi nje. Nyuma linaisogelea sahani ya springi kiasi kwamba gari moja linapita na jingine linasugua, kwa sababu magari haya yana zaidi ya miaka 50, yameshagongwa na kunyooshwa, na upande wa kushoto haulingani na wa kulia. Mbele, ukikata usukani hadi mwisho, linaweza kugusa bati lililo chini ya bampa. Ukitaka upana huo, kubali kwanza kukunja ukingo wa madigadi kwa fundi wa bodi anayejua kupasha rangi joto ili isipasuke.

Na usukani. 240Z haina pawa. Kila milimita ya upana, na kila milimita ambayo gurudumu limesogea nje ya mahali pake pa asili, unailipa kwa mikono wakati wa kupaki. Barabarani nako, kwenye lami iliyochimbika mifereji na malori, tairi pana hufuata mfereji na kukunyang'anya usukani. Barabara za malori kutoka Dar na Mombasa zina mifereji hiyo kwa wingi.

Inchi 17

Zinaweza kufungwa, na zikifungwa na mtu anayejua, gari linasimama kwa heshima. Lakini rimu za 17 kwa kawaida ni pana, inchi 7.5 au 8, na tairi la 225/45R17 halipaswi kukaa kwenye rimu ya chini ya inchi 7. Upana huo na kimo hicho kwa pamoja havipatani na springi pana ya kiwandani. Itabidi uondoe sahani za zamani, ufunge springi nyembamba zinazorekebishwa urefu, ufupishe miguu ya shokapu ukishusha gari ili shokapu ibaki na nafasi ya kucheza, ukunje madigadi, kisha upange upya pembe za magurudumu. Kazi hiyo ikifanywa nusu, kwa kukata springi za zamani kwa msumeno ili gari lishuke, shokapu inagonga mwisho wake kila tuta, na pigo lote linakwenda kwenye mwili wa gari. Mwili wa 240Z ni wa bati jembamba, na kutu ndio ugonjwa wake mkuu. Sitaki kuona magari machache yaliyobaki yakipasuka pale shokapu zinaposhikia bodi kwa sababu ya rimu.

Uzito nao upo. Rimu kubwa ya bei nafuu mara nyingi ni nzito kuliko ya chuma iliyotoka nayo, na uzito huo uko chini ya springi, mahali ambapo shokapu inahangaika nao. Kabla ya kuuliza bei uliza kilo, na muuzaji asiyejua kilo za rimu yake mwambie aipandishe kwenye mizani.

"Lakini nataka breki kubwa"

Hii ndiyo hoja inayotolewa zaidi kutetea inchi 17, na haisimami. Mabadiliko ya breki yanayojulikana zaidi duniani kwa 240Z ni kufunga kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ya zamani ya 4x4, zile za mwanzo wa miaka ya 1980. Zinapanda kwenye mguu wa mbele wa Datsun, na zinazotumika na diski ya kiwandani hazihitaji zaidi ya kulikunja au kulikata bati la kukinga vumbi. Na kwetu vipuri vya Hilux havikosekani. Na kwa kawaida zinaenea ndani ya rimu ya inchi 15, ila jaribu rimu yako kabla ya kulipa, kwa sababu umbo la ndani hutofautiana.

Ukishachagua

Nati zichunguze kwa macho yako mwenyewe. Stadi za Datsun ni milimita 12 kwa uzi wa 1.25, za Toyota ni milimita 12 kwa uzi wa 1.5. Nati ya Toyota inaanza kuingia kwenye stadi ya Datsun, inazunguka kidogo, kisha inaula uzi. Kwenye gereji ambako kila pipa la nati ni la Toyota, kosa hili ni rahisi mno. Nati za Subaru zina uzi unaolingana. Tazama pia umbo la kiti: rimu nyingi za kununua zinataka nati yenye mdomo wa pembe, wakati rimu za aloi za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Zikibadilishana, rimu inashikwa na kingo badala ya uso mzima.

Tarehe ya tairi iko ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi liache hapo hapo lilipo; gari hili linafika kilomita 200 kwa saa, na mpira mkavu haupasuki polepole.

Kabla hujavalisha tairi zote nne, funga moja nyuma na moja mbele. Nyuma, ondoa springi ikiwezekana na uinue gurudumu kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake, upitishe vidole kati ya mpira na chuma. Mbele, kata usukani pande zote gari likiwa na watu wawili ndani. Rudia upande wa pili, usidhani umefanana. Upepo anza na psi 28 hadi 30, kisha rekebisha kwa jinsi kashata zinavyolika. Ukishatembea kilomita 80 hivi, simama, acha magurudumu yapoe, na ukaze nati zote kumi na sita upya.